Kitambulisho na polisi: Sheria yadai nini kwa raia?

KWA mkazi wa Olympic, Kibera, anayerejea nyumbani usiku, swali la askari wa doria huwa fupi: “Kitambulisho kiko wapi?” Asipokuwa nacho, huenda akajikuta ndani ya gari la polisi, au akashawishika kutoa hongo ili aachiliwe. Wengi huamini kwamba kutembea bila kadi hiyo ni kosa. Sivyo.

Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inamtaka kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 ajisajili na kutoa habari za kweli. Kudanganya ili kupata kadi ni hatia. Hata hivyo, sheria hiyo haimwamuru raia kutembea na kadi saa zote.

Dhana hiyo ina mizizi ya kikoloni. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, ambacho walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwaka 1947 usajili ulipanuliwa kwa watu wa rangi zote, lakini jina ‘kipande’ lingali vinywani mwa Wakenya.

Huko Makina, jirani na Olympic, suala hili lina uchungu wa aina yake. Vijana wa jamii ya Wanubi walilazimika kwa miaka mingi kuhojiwa na kamati maalum kabla ya kupewa kadi, ingawa Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya stakabadhi za utambulisho.

Polisi nao wana mamlaka yao. Chini ya Kifungu cha 32 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, mtu anayelaumiwa kwa kosa dogo mbele ya afisa, kisha akakataa kutaja jina na makazi yake, aweza kukamatwa hadi yabainike. Dereva naye lazima awe na leseni yake na kuionyesha anapotakiwa. Kwa hivyo, aliyesimamishwa hafai kukaidi wala kutaja jina la uongo.

Akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda. Ni lazima aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiisha siku isiyo ya kazi, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa usiku aweza kukaa korokoroni hadi Jumatatu, na kibarua chake kikaota nyasi. Pesa za dhamana zikitolewa, sharti ziandikiwe risiti.

Wajibu wa kujitambulisha hauko upande mmoja. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare aonyeshe waziwazi jina au nambari yake ya kazi. Raia anayedhulumiwa na ainakili nambari hiyo, pamoja na mahali na saa, kisha awasilishe malalamishi kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA.