Kwa nini pakiti za multikasti hupotea kimyakimya

Multikasti ni njia ya kutuma pakiti moja ya data ikapokelewa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kompyuta zinazofanya kazi kwa kundi huitumia kupashana habari.

Kila mtandao una ukomo wa ukubwa wa pakiti, uitwao MTU. Kwa Ethernet ya kawaida ni baiti 1500. Kwenye InfiniBand, mfumo wa Linux huruhusu hadi baiti 65520 pale kompyuta mbili zinapounganishwa moja kwa moja. Hapo ndipo penye mtego: multikasti haipiti katika muungano huo, bali husalia kwenye njia ya zamani, ambayo aghalabu ukomo wake ni baiti 2044. Pakiti ikizidi kiwango hicho, hutupwa na kompyuta ileile inayoituma. Programu haiarifiwi, onyo huandikwa tu katika kumbukumbu za mfumo, ambazo ni nadra kusomwa.

Kinachomchanganya fundi ni kwamba salamu fupi za majaribio hupita salama, huku orodha ndefu zikipotea. Tiba ni kurudisha MTU kuwa 2044, ili pakiti kubwa zigawanywe kabla ya kutumwa, au kuizuia programu isivuke baiti 2016 kwa ujumbe mmoja, kwani vichwa vya IP na UDP huchukua 28.