Jioni Mbili za Novemba 1904

Ugomvi wetu ulianzia kwenye karatasi moja. Ilikuwa orodha ya nyimbo ambazo kwaya ya chama ingeimba katika maonyesho mawili, moja hapa chuoni na jingine katika ukumbi wa kanisa mtaani Shaw. Wapo waliotaka tufungue na "Malaika" kisha "Jambo Bwana", kwa kuwa ndizo Wamarekani wanazozijua. Wengine waliapa kwamba "Jambo Bwana" hawaiimbi tena, eti ni wimbo wa kumpokea mtalii hotelini. Mwenzetu mmoja akaleta "Kijiti" wa Siti binti Saad, wimbo unaosimulia mwanamke aliyeuawa na mahakama ya kikoloni iliyowaadhibu mashahidi huku muuaji akitoroka. Kukawa kimya. Nani anataka kusikia hayo Jumamosi jioni?

Katika kutafuta namna ya kupatana tulikutana na kwaya iliyokabiliwa na swali kama letu, tena karibu sana na hapa. Iliitwa Samuel Coleridge-Taylor Choral Society. Ilianzishwa Washington mwaka 1901, na waimbaji wake wote walikuwa weusi.

Kwanza neno moja juu ya mahali. Wakati ule hakuna aliyeita mtaa huu Shaw. Jina lilitoka kwenye shule iliyopewa jina la Robert Gould Shaw, kanali mzungu aliyewaongoza askari weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts na kuuawa vitani mwaka 1863. Wapangaji mji wa miaka ya 1960 ndio waliolitandaza jina hilo juu ya mtaa mzima. Lakini watu walikuwepo tangu zamani: walimu, makarani wa serikali, wapishi, wachungaji, na Chuo Kikuu cha Howard pale juu kilimani.

Miongoni mwa watu hao alikuwemo Mamie Hilyer, mpiga piano, ambaye mwaka 1897 alikuwa ameanzisha kikundi cha wanawake wanamuziki kilichoitwa Treble Clef Club. Bibi huyu alikutana huko Uingereza na mtunzi kijana Samuel Coleridge-Taylor, mtoto wa daktari kutoka Sierra Leone na mama Mwingereza. Utenzi wake wa Hiawatha, uliotungwa kwa sehemu tatu kati ya 1898 na 1900 juu ya mashairi ya Longfellow, ulikuwa ukiimbwa kila pembe ya Uingereza. (Sehemu ya kwanza aliiuza kwa gini 15 tu, na faida ikaenda kwa mchapishaji. Wasanii wa kwetu wanaijua hadithi hiyo.) Mama Hilyer alirudi na wazo: tuunde kwaya, tuijifunze kazi hii, kisha tumwite mwenyewe aje kuiongoza.

Hapo ndipo tulipoona aibu kidogo. Sisi tulikuwa tumejipa wiki sita. Wao, chini ya mwalimu wao John T. Layton, walisaga kazi moja hadi Aprili 1903, ndipo wakaiimba hadharani katika kanisa la Metropolitan A.M.E., barabara ya M. Mtunzi hakuwepo. Safari yake iliahirishwa, nao wakaendelea na mazoezi. Alipokubali kuja, sababu kubwa ilikuwa ni hiyo kwaya yenyewe: watu weusi waliojipanga na kuziweza noti zake.

Maonyesho ya Washington yalifanyika tarehe 16 na 17 Novemba 1904 katika Convention Hall, ghorofani juu ya soko, kusini kidogo ya Shaw ya leo. Waimbaji walikuwa wapatao 200, wapigaji walitoka katika Bendi ya Marine ya Marekani, na Coleridge-Taylor alishika kifimbo. Mmoja wa waimbaji wa peke yao alikuwa Harry T. Burleigh. Waliosikiliza walikuwa weusi na weupe, katika mji ambao ubaguzi ulikuwa ukizidi kukaza.

Sasa tazama mpango wao. Jioni ya kwanza: Hiawatha, sehemu zote tatu. Jioni ya pili ikawa ya mchanganyiko, na ndani yake mlikuwemo nyimbo mpya ambazo mtunzi aliwaandikia wao hasa, akitumia mashairi ya Longfellow ya mwaka 1842 yanayopinga utumwa.

Tulibishana sana kuhusu mpangilio huo. Mmoja wetu alisema ni woga: wameweka utumwa nyuma ili wasiwaudhi wageni. Wengi wetu hatukubali. Utumwa Washington ulifutwa Aprili 1862, miaka 42 tu kabla. Katika kwaya ile walikuwemo bila shaka watu ambao mama zao waliuzwa. Kuimba habari hizo mbele ya wazungu, ukisindikizwa na bendi ya serikali, si jambo la mwoga. Tunavyoona sisi, jioni ya kwanza ilifunga mdomo wa yeyote aliyekuja kucheka. Ukishamsikiliza mtu kwa kazi ndefu na ngumu kiasi kile, kesho yake huwezi kusema hajui aimbacho.

Katika ziara hiyo Rais Theodore Roosevelt alimpokea mtunzi Ikulu, na wanafunzi wa shule ya ufundi ya Armstrong wakampa kifimbo cha mwerezi uliotoka Cedar Hill, nyumbani kwa marehemu Frederick Douglass. Zawadi hiyo inatugusa kuliko mapokezi ya Ikulu. Alirudi tena Marekani mwaka 1906 na 1910, akafariki 1912 akiwa na umri wa miaka 37.

Orodha yetu imebadilika. Jioni ya chuoni tutaimba nyimbo za kwaya zenye sauti nne, zile zinazotutoa jasho, na "Malaika" katikati. "Kijiti" itaimbwa Shaw, jioni ya pili, na kabla yake mmoja wetu atasimulia kisa chake kwa Kiingereza. Maonyesho yamesogezwa mbele mwezi mzima kwa ajili ya mazoezi. Kuhusu "Jambo Bwana" kura zimegongana, saba kwa saba, na mpiga ngoma bado hajarudi kutoka likizo.