Daftari la Umar na Bima ya Wakili

Wakili alitufikia kutoka Uarabuni, akaja na sheria yake. Bima ililetwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Maneno haya mawili tumeyazoea hata tunayaunganisha bila kufikiri, kumbe hayakulelewa nyumba moja.

Katika fiqhi ya Kishafii, iliyoongoza makadhi wengi wa pwani yetu, wakili ni mtu wa amana. Mali uliyomkabidhi ikipotea, halipi, isipokuwa amezembea au amevuka mpaka wa alichotumwa. Akikana uzembe, husadikiwa kwa kiapo chake. Hasara humrudia aliyemtuma, ambaye naye alipaswa kumjua vyema mtu wake kabla ya kumtuma.

Waingereza walimlinda wakili wa mahakamani kwa sababu nyingine. Mwaka 1967, katika Rondel dhidi ya Worsley, Baraza la Malodi lilishikilia kuwa hashtakiwi kwa uzembe wa kuendesha kesi; hofu ilikuwa kesi zilizokwisha kufufuliwa kwa mlango wa nyuma. Kinga hiyo ilivunjwa mwaka 2000, katika Hall dhidi ya Simons. Lakini mawakili wa ofisini, wale wa hati na mikataba, walikuwa wamelazimishwa kukata bima tangu 1976.

Bima yenyewe ina tabia inayowatatiza wengi. Inayojibu madai ni ile iliyo hai siku madai yanapoletwa, si ile ya siku kosa lilipotendeka. Hati ya kiwanja uliyoikosea leo yaweza kukuletea madai miaka kadhaa baadaye, ofisi ukiwa umeshaifunga. Kwa hiyo Uingereza huitaka ofisi ya mawakili hao inapofungwa ibaki na kinga ya miaka sita.

Linganisha na akila ya fiqhi, yaani kuchangiana diya, fidia ya damu. Mtu akiua kwa bahati mbaya, diya haikuwa yake peke yake. Jamaa za upande wa baba waliichangia. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu nyingine ya fiqhi, wakifuata utaratibu wa Khalifa Umar, waliihamishia diwani: walioandikwa daftari moja la jeshi walilipiana, kwa awamu za miaka mitatu. Aliyeua makusudi hakuchangiwa, kama ambavyo bima haimlipii wakili mwizi madhara ya wizi wake mwenyewe. Ni kweli akila ilihusu damu na majeraha, wala si hati za viwanja, na sidai kuwa moja imezaa nyingine.

Hata hivyo, nikitazama jimbo la Oregon, Marekani, namwona Umar. Tangu 1978 mawakili wake wa kujitegemea huchangia mfuko wa chama chao wenyewe, unaokinga dola 300,000 kwa dai moja. Kuandikwa katika daftari la chama ndiko kunakokuingiza katika mzigo wa wenzako. Ufaransa nayo, kwa sheria ya 31 Desemba 1971, huruhusu chama cha mawakili kukata bima kwa ajili ya wanachama wote.

Majimbo mengi ya Marekani hayalazimishi bima. Baadhi humtaka wakili asiye nayo amwambie mteja hivyo, basi. Hapo mteja hana kiapo cha kadhi wala daftari la wenzake wakili. Ana barua yenye saini.