Zartman na Wanawake wa Soko la Wajir

Anayeanza shahada ya uzamili katika utatuzi wa migogoro na usalama wa kikanda, awe Nairobi, Addis Ababa au Bradford, hachelewi kukutana na jina la I. William Zartman. Msomi huyu wa Marekani alifundisha kuwa upatanishi una wakati wake. Wapiganaji huketi mezani pale wanapotambua kuwa wamekwama, kwamba hakuna atakayeshinda, vita vinawaumiza wote, na ipo njia ya kutokea. Kabla ya hapo mgogoro haujaiva.

Nadharia hii ina uzito, na Burundi inaonyesha uzito wake. Mwalimu Nyerere alianza kuwapatanisha Warundi mwaka 1996 na akafariki mwaka 1999 kazi ikiwa haijakamilika. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Lakini makundi makuu ya waasi, CNDD-FDD na FNL, hayakutia saini, na risasi zikaendelea kulia. Mfuasi wa Zartman anaeleza hilo bila taabu: waliokuwa msituni walikuwa bado hawajaamini kwamba bunduki haitawafikisha.

Sasa tuitazame Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka hiyohiyo ya tisini. Dola ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991 na silaha zikavuka mpaka. Ukame ulikuwa umeangamiza mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 ukageuza viti vya ubunge kuwa mali ya ukoo. Wadegodia, Waajuran na Waogaden wakauana, na uhasama ukafika sokoni, mwanamke wa ukoo mmoja akikataa kumuuzia au kununua kwa wa ukoo mwingine.

Kundi la wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwemo, lilianzia hapohapo sokoni. Walihakikisha kila mwanamke anauza na kununua bila kuulizwa ukoo wake, na kila ugomvi uliozuka wakauzima siku hiyohiyo. Kisha wakawafuata wazee, na wazee wa ukoo mdogo usiokuwa na upande katika vita ndio waliosaidia kuwakutanisha wakubwa. Mwaka 1993 wazee wakakubaliana katika Azimio la Al-Fatah. Miaka miwili baadaye kazi hiyo ikawa kamati rasmi ndani ya utawala wa wilaya, na wilaya nyingine zikaiga.

Hapa ndipo mapokeo haya mawili yanapoachana. Zartman anawatazama viongozi na hesabu wanazopiga vichwani mwao. Anakiri kwamba mpatanishi anaweza kuharakisha wakati huo, lakini macho yake hayatoki kwa wenye kuamuru vita. Wanawake wa Wajir hawakusubiri majemedari wachoke. Waliona kwamba vita vinaishi pia katika bei ya maziwa, kwenye kisima na katika harusi zisizoalikana, wakaanza kuviondoa huko. Kwa Zartman, mpatanishi mwenye nguvu huja na ahadi na vitisho. Wajir ilitegemea ukoo mdogo, ambao wakubwa hawakuwa na sababu ya kuuogopa.

Ramani ya usalama nayo ni tofauti. Wasomi Barry Buzan na Ole Wæver, katika kitabu chao cha 2003, wanaijenga kanda hasa kutokana na dola ambazo usalama wao hautenganishiki. Mfugaji wa Wajir ana jamaa Ethiopia na Somalia, na kanda yake inafuata malisho. Atakayeandika tasnifu kuhusu mpaka huo kwa ramani ya dola peke yake ataziona doria asizione ndoa.

Kinachonikera ni mpangilio wa mitaala mingi. Zartman huwekwa katika juma la nadharia, Wajir katika juma la mifano ya Afrika. Mwanafunzi anaondoka akiamini kuwa kwa Zartman ndiko kwenye fikra na Wajir ni mahali pa kuzijaribia. Lakini Dekha, aliyetunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, aliandika pia, pamoja na wenzake, *Working with Conflict*, kitabu kilichotoka mwaka 2000. Alikuwa mwananadharia, na asomwe hivyo.

Kumsoma hivyo kunamaanisha pia kuyahoji mapokeo aliyoyatumia. Dia, yaani fidia ya damu, katika desturi ya Kisomali ni ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Amani iliyoanzishwa na wanawake ililindwa kwa sheria inayowahesabu nusu, na hilo halipaswi kufichwa kwa heshima ya mila.

Tena kuna Wagalla. Februari 1984 wanajeshi wa serikali waliwakusanya wanaume wa Kidegodia kwenye uwanja wa ndege karibu na mji wa Wajir na kuwaua wengi. Dia hulipwa na ukoo kwa ukoo. Serikali haina ukoo. Wala haikukwama vitani na yeyote hata Zartman atupimie kuiva kwake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mauaji hayo katika ripoti yake ya 2013, lakini ripoti si upatanisho. Hapo mapokeo yote mawili yananyamaza, na hapo ndipo ningempeleka mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu.