Rambirambi, Azimio la Kazi na Barua za Freinet

Kundi la WhatsApp la walimu wa kata halina ratiba. Asubuhi moja ya Jumatatu linaweza kubeba tangazo la msiba wa mzazi wa mwalimu mwenzao, namba ya mweka hazina, na orodha ya rambirambi ambayo kila anayetoa huinakili, akaongeza jina lake na kuirudisha. Katikati ya pole hizo anapenya mtu: "Jamani, mwenye azimio la kazi la Hisabati darasa la tano anirushie." Kabla ya kengele ya mapumziko faili limeshafika, na waliolihitaji kimyakimya nao wamelipakua.

Wapo viongozi wa elimu wanaokerwa na mchanganyiko huu, wakaandika kwenye maelezo ya kundi: mambo ya kazi tu. Naona wanakosea. Aliyekuchangia ulipofiwa ndiye unayeweza kumpigia usiku ukamwambia kwamba mada ya sehemu inakushinda. Ukiondoa rambirambi, unabaki na watu wanaopeana mafaili na kuogopana.

Marekani walianzia upande mwingine. Mwaka 2009 Steven Anderson, Tom Whitby na Shelly Terrell walianzisha #edchat kwenye Twitter: kila Jumanne, mada iliyopigiwa kura, saa moja ya mjadala, na wakati huo kila ujumbe usizidi herufi 140. Uzuri wake ni kwamba mlango ulikuwa wazi. Mwalimu wa shule ya kijijini aliweza kubishana na profesa, na asiyetaka kusema alisoma tu akaondoka na kitu. Lakini hadharani mtu huvaa nguo yake nzuri. Ni rahisi kutangaza somo lililofana, ni vigumu kueleza lililoharibika mbele ya wazazi na mwajiri. Tena uwanja ulikuwa wa mtu mwingine: Elon Musk alipoununua mtandao huo Oktoba 2022, walimu wengi walihama, na mahusiano ya miaka mingi yakatawanyika.

Sisi nasi tuna hofu yetu. Afisa elimu kata yumo kundini. Akiwemo, kila mwalimu anajua mada zote, na maswali ya kweli yanahamia kwenye kikundi kidogo cha pembeni cha watu wanne watano waliosoma chuo kimoja.

Mfano ninaoutamani hauna simu ndani yake. Mwalimu Mfaransa Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la pafu, na kusema darasani siku nzima kulimchosha. Katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, alipata mtambo mdogo wa kuchapia, na katikati ya miaka ya 1920 wanafunzi wake wakawa wanapanga herufi moja moja na kuchapa habari walizotunga wenyewe. Mwaka 1926 kurasa hizo zilianza kupishana kwa posta na za darasa la René Daniel huko Trégunc, pwani ya Bretagne, upande wa pili wa nchi. Watoto wa milimani wakasoma maisha ya watoto wa baharini, na wale wa baharini wakajibu. Walimu wengine wakajiunga, hadi wakawa na ushirika wao. Walimu hao wawili walijuana kupitia kazi za watoto. Kilichofika kwa Daniel hakikuwa andalio la somo. Kilikuwa kile ambacho watoto wa Freinet walikiona, walikiwaza na kukiandika.

Hicho ndicho kinachokosekana kwenye makundi yetu, ya Tanzania na ya Kenya. Tunarushiana azimio, andalio, mtihani na majibu yake. Daftari la mtoto halimo. Na vifaa si kisingizio tena, maana hata vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Tanzania ya 2022 viligawiwa walimu, na kamera vinayo.

Mwalimu wa darasa la tano afunike jina la mwanafunzi, apige picha ukurasa ulioandikwa 1/2 + 1/3 = 2/5, kiasi kimejumlishwa na kiasi, asili na asili, aitume kundini na aulize: "Wenzangu, huyu nimeshamweleza mara mbili kwa mchoro wa chungwa na bado anarudia. Ninyi mnaanzia wapi?" Na afisa elimu kata awe wa kwanza kujibu, kwa kutaja mtoto aliyewahi kumshinda yeye.