Pishi ya Wapima Jeni

Ewe msomaji, ukipimiwa mtama kwa pishi inayotanuka na kusinyaa, utajuaje kama umepunjwa? Shaka hiyo iliwapata wapima jeni. Ili wajue jeni fulani yafanya kazi kiasi gani, huilinganisha na nyingine wanayoidhani haibadiliki. Wengi waliitumainia moja tu, pasipo kuihakiki. Mwaka 2002 Jo Vandesompele na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, waliopima seli za binadamu, walionyesha kwamba afadhali zitumike tatu, nazo zijaribiwe kwanza. Mwaka 2005 wataalamu wa Norwei walizijaribu sita kwa samaki aitwaye salmoni. GAPDH, iliyokuwa ikiaminiwa mno, iliyumba kuliko zote. Si ajabu: kazi yake ni kuvunja sukari, nayo hiyo hutofautiana kiungo kwa kiungo.