Mashine ya kusukuma ya kufyeka majani: inafaa wapi Gatete, na wapi uiache

Mvua zinapoanza kunyesha kwenye tambarare ya Imbo, majani huota haraka kuliko mkono wa mtu mmoja unavyoweza kuyafyeka. Gatete na sehemu nyingine za Rumonge, kazi hiyo hufanywa kwa jembe, panga na kupekupe. Chama cha ushirika, shule au familia yenye michikichi mingi inaweza kufikiria kununua au kukodi mashine. Makala haya yanahusu aina moja ya mashine hizo, ile ya kusukuma inayokata kwa nyuzi: inafanya nini, haifanyi nini, na mambo ya kuuliza kabla ya kuiwasha. Swali moja kati ya hayo halihusu mashine kabisa. Linahusu ardhi.

Mashine yenyewe

Ina injini ndogo ya esansi, magurudumu mawili na mikono ya kushikia kama ya toroli. Mbele, karibu na ardhi, kuna kichwa kinachozunguka kwa kasi kubwa, na kwenye kichwa hicho zimefungwa nyuzi nene za nailoni. Nyuzi ndizo zinazokata. Hakuna kisu.

Wengi wameona ndugu yake, ile ya kubeba begani. Tofauti ni kwamba hii ya kusukuma uzito wake unabebwa na magurudumu, kwa hiyo mgongo na mabega havichoki upesi. Lakini haiingii kila mahali kama ile ya begani. Faida ya uzi kuliko kisu huonekana kwenye mawe: kisu kikigonga jiwe hupinda au kuvunjika, uzi hukatika tu na unafunga mwingine.

Uzi hukata majani mabichi na laini, hata yakifika kiunoni. Mti haukati, hata ukiwa mwembamba kama kidole gumba. Unauchubua, uzi unaisha, na kichaka kinabaki kimesimama. Vichaka vyenye shina gumu bado ni kazi ya panga. Ile alizeti pori yenye maua ya njano inayoota kando ya njia ikatwe ikiwa bado teke, kwa panga au mundu, na majani yake yawekwe shambani, kwa sababu ni mbolea nzuri.

Chini ya michikichi

Hapa ndipo mashine inapolipa kazi yake zaidi. Mkulima wa mawese anahitaji duara safi kuzunguka kila mchikichi mkubwa, kama mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye shina. Mkungu ukiiva, tembe za kwanza huanza kudondoka, na ndizo zinazomwambia mkulima kwamba wakati wa kuvuna umefika. Zikidondokea kwenye majani marefu, hazionekani. Mkulima anachelewa kuvuna, nyingine zinaliwa na panya au kuoza, na mafuta yanapotea bila mtu kujua yamepotelea wapi. Mtu anayepanda mchikichi kukata mkungu naye anahitaji mahali safi pa kusimama na pa kuangushia.

Kati ya mistari ya michikichi, usikwangue ardhi ikabaki wazi. Punguza majani yawe mafupi, yabaki yamefunika udongo. Mashine inafanya hivyo vizuri kuliko jembe, maana inakata juu na kuacha mizizi ikishika udongo. Kama umepanda mimea jamii ya kunde ya kutambaa ili ifunike ardhi, usipite hapo: nyuzi zitaichanachana na kuviringwa na vikonyo vyake.

Michikichi michanga ni habari nyingine. Makuti yake bado yako chini, na uzi ukiyagusa unayachana. Fyeka mbali kwa mashine, kisha malizia kwa mkono karibu na mche.

Wapi uiache

Kwenye muhogo, usiitumie. Muhogo huumizwa zaidi na magugu katika miezi mitatu ya kwanza, na wakati huo unahitaji jembe linalong'oa, si uzi unaonyoa. Mashine pia huchubua mashina machanga, na hata mstari ukiwa na nafasi ya mita moja, inatosha kuyumba kidogo tu.

Miti ya matunda inataka uangalifu zaidi. Gome la mwembe, mparachichi au mchungwa ndiyo njia ya chakula cha mti. Uzi ukilizunguka na kulichubua pande zote, mti hufa taratibu, na mwenye shamba hufikiri ni ugonjwa. Acha nafasi ya hatua moja kuzunguka kila mti, palilia hapo kwa mkono, kisha weka majani makavu bila kuyagusisha na shina.

Kuna pia magugu ambayo mashine haiyamalizi, na ni vizuri kuyajua mapema kabla hujalipia esansi. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi. Urwiri, ambalo Watanzania wengi huliita sangari, hutambaa kwa mizizi mirefu. Yale majani magumu ya mabua membamba yenye mikia myeupe kama pamba, ambayo wataalamu huyaita Imperata cylindrica, yana mashina ya chini kwa chini yenye ncha kali. Yote haya ukiyafyeka leo, yanarudi. Kuyachoma moto ndiyo mbaya zaidi: moto unaua mimea mingine na kuyaachia nafasi, na unaweza kuvuka hadi kwa jirani. Yanashindwa kwa kung'oa na kuokota mizizi wakati wa kulima, na kwa kivuli. Kufyeka mara kwa mara kunayadhoofisha tu.

Kwenye mteremko, kumbuka kwamba mashine ina uzito na ina kasi. Pita kwa kufuata upana wa mlima, usiende nayo kupanda na kushuka. Panapokuwa na mteremko mkali, rudi kwenye kupekupe. Na ile mistari ya mabingobingo iliyopandwa kandokando ya mitaro ya kuzuia mmomonyoko si magugu. Kutoka Gatete ukitazama upande wa milima, unaona kwa nini ilipandwa: maji yakishuka bila kizuizi, yanabeba udongo wa juu na kuumwaga bondeni na ziwani. Hukatwa kwa mundu ili kulisha mifugo, na kisiki huachwa kichipue.

Kabla ya kufyeka, uliza ni kwa nani

Hapa Rumonge, kufyeka ardhi si usafi tu. Ni kusema: hapa ni pangu.

Matukio ya 1972 yalizikimbiza familia nyingi za eneo hili, hasa kuelekea Tanzania na Kongo. Ardhi walizoziacha zilikaliwa na wengine, baadhi wakiwa wamepewa na serikali. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30, au 15 kama aliikalia kwa nia njema. Kwa hiyo familia mbili zinaweza kusimama kwenye shamba moja la michikichi, kila moja ikiwa na maelezo yake: moja ilipanda, nyingine imepalilia kwa miongo. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyojulikana kama CNTB, ilianza kazi 2006 kushughulikia migogoro hiyo, na muda wake uliisha 2022. Mashauri hayakuisha yote siku hiyo.

Katika hali kama hii, mtu anayekuja na mashine asubuhi na kufyeka hekta nzima kabla ya jua kuwa kali anaweza kuamsha ugomvi ambao panga lisingeuamsha. Kwa panga, jirani anakuona siku ya kwanza, anakuuliza, mnaongea. Mashine hufika kwenye mpaka kabla mazungumzo hayajaanza. Vilevile inafuta alama: mche mdogo wa mpaka, mti uliopandwa na mzee, mawe yaliyopangwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuiwasha, tembea mpaka pamoja na jirani. Funga kitambaa au chomeka fito kwenye kila alama. Kama umepewa kiwanja ukiwa mkimbizi, au umerudi kutoka Tanzania na bado unasubiri uamuzi, muulize kiongozi wa kolini na wale waliokupa, ni wapi hasa unaruhusiwa kusafisha. Kama umeajiriwa kufyeka, mwambie aliyekuajiri akuonyeshe mpaka mbele ya jirani, usikubali kuonyeshwa kwa kidole kutoka barabarani. Palipo na kesi, usifyeke mpaka uamuzi utoke. Tangu sheria ya ardhi ya 2011, ofisi za ardhi za komine zinaweza kutoa cheti cha ardhi, na cheti hicho kinakulinda kuliko shamba lililofyekwa vizuri.

Usalama

Uzi unaozunguka hurusha jiwe dogo kwa nguvu ya kutosha kupofusha jicho. Vaa miwani ya kazi, suruali ndefu na buti. Kandambili hapana, hata kwa dakika tano. Watu wengine wote wakae mbali angalau mita 15, na watoto mbali zaidi, kwa sababu mashine inawavuta kama muziki. Mzima injini mtu akikaribia.

Kwanza pitia eneo kwa miguu. Ziwa Tanganyika lilipofurika miaka ya karibuni, maji yaliacha vitu vingi kwenye viwanja vya kando: waya, chupa, vipande vya nyavu. Nyavu ndizo mbaya zaidi kwa mashine hii. Zikiviringwa kwenye kichwa, zinasimamisha injini, na mtu anaingiza mkono kuzitoa. Kabla ya kuingiza mkono, zima, ngoja kichwa kisimame kabisa, na chomoa kofia ya plagi. Ukikuta chuma usichokifahamu kinachofanana na bomu au risasi, usikiguse. Weka alama mbali nacho na uwaite polisi.

Uzi ukiisha na mpya haupatikani, usifunge waya wa chuma mahali pake. Najua jaribu hilo lipo, hasa duka likiwa mbali. Kipande cha waya kikikatika kinaruka kama risasi. Ni heri kupumzisha mashine wiki nzima. Vipande vya nailoni vinavyokatika navyo viokote, kwa sababu mbuzi huvila pamoja na majani, na mvua huvipeleka ziwani.

Esansi, na watu wa kibarua

Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa esansi kwa miaka kadhaa sasa. Hili ndilo linalofanya niseme wazi kwamba mashine hii si ya kila familia. Kwa eneo dogo la nyumba, kupekupe iliyonolewa vizuri inatosha, na haisubiri foleni. Mashine ina maana kwa chama chenye michikichi mingi, shule yenye uwanja, au kikundi kinachosafisha kando ya barabara, na hata hapo mpangilio wa esansi uwepo kabla ya kununua. Usiweke esansi ndani ya nyumba mnamolala, wala kwenye chupa ya maji. Jaza tangi injini ikiwa imepoa. Esansi iliyokaa kwenye tangi zaidi ya mwezi huharibika na kuziba kabureta, kwa hiyo imwage kwenye dumu ukimaliza msimu. Soma pia kitabu cha mashine: injini nyingine huchanganyiwa oili kwenye esansi, nyingine ina oili yake pekee, na ukikosea injini inakufa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Wakimbizi na wenyeji wengi wasio na shamba huishi kwa kupalilia mashamba ya wengine. Mashine moja inaweza kuchukua kazi ya watu kadhaa. Chama kinachonunua kifikirie kuitumia pale ambapo watu hawatoshi, kama wakati wa mvua kubwa ambapo kila mtu yuko kwenye shamba lake, na kubakiza kwa vibarua kazi ambayo mashine haiwezi: duara la mche mchanga, muhogo, kung'oa urwiri.

Kuzunguka nyumba

Majani mafupi karibu na nyumba yanasaidia kuona nyoka, na yanawanyima panya maficho. Lakini kufyeka hakuondoi malaria. Mbu wanaoileta huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwenye mashimo, madimbwi na nyayo za ng'ombe. Fukia au ondoa maji hayo, na lala kwenye chandarua kilichotiwa dawa, hata kama uwanja wako ni safi kuliko wa wote.

Mtu akiumia

Kitu kikiingia jichoni, usilisugue. Vumbi au kijani kidogo kioshe kwa maji safi yanayotiririka. Kitu kilichochoma jicho usikitoe: funika jicho bila kulibana, kwa kikombe kidogo safi au kitambaa kilichokunjwa kuzunguka, na umpeleke mtu kituo cha afya au hospitali ya Rumonge siku hiyohiyo. Jeraha la mguu lioshwe kwa maji na sabuni na lifungwe kwa kitambaa safi. Ukifika, waambie wahudumu kwamba lilitokea shambani, na uwaulize kuhusu sindano ya pepopunda.